Njia za Kando za Mlima Kenya

Ukitaka kuupanda Mlima Kenya kwa miguu utazikuta njia tatu zilizozoeleka zaidi: ya Naro Moru upande wa magharibi, ya Sirimon upande wa kaskazini magharibi, na ya Chogoria upande wa mashariki. Kila moja humchukua mtu siku nne au tano, kwenda na kurudi. Na kila moja ina vijia vinavyochepuka kulia na kushoto, kimoja kikielekea kwenye maporomoko ya maji, kingine kwenye ziwa dogo lililojificha kati ya majabali, kingine kwenye ukingo wa genge ambapo mtu huiona nchi imetandazwa chini yake kama jamvi. Wapandaji wenye haraka huvipita vijia hivyo, maana macho yao yamekikazia kilele. Mimi nakuomba, msomaji wangu, tuchepuke pamoja. Historia ya mlima huu imelala kando ya njia zaidi kuliko kileleni, na karibu kila mahali ambapo leo watu husimama kustarehesha macho, wa kwanza kuandikwa kuwa alifika hapo hakuja kwa starehe. Alikuja kutafuta njia, au chakula, au uhuru wa siku chache.

Lakini kabla hatujauingia msitu yatupasa kusimama kwanza mbali, kwa sababu mlima huu ulitazamwa kwa karne nyingi kabla ya kupandwa. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, na walipoomba waliinua mikono yao kuuelekea, kwa imani ya kwamba huko ndiko Ngai akaako ashukapo duniani. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, kilichotoka mwaka 1938, jina alilokipa lilikuwa hilo hilo la kuuelekea Mlima Kenya. Waembu, Wameru na Wakamba nao walikuwa na mlima huo katika masimulizi yao. Usidhani kwamba watu hawa hawakujua mambo ya huko juu. Walijua kuwa kuna baridi iuayo, na kuwa kuna kitu cheupe kisichofanana na kitu chochote cha nchi ya chini. Hawakuona haja ya kwenda kukikanyaga.

Mahali pa kutazamia pa kwanza kutajwa katika maandishi si mlimani hata kidogo; ni Kitui, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Huko ndiko alikokaa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Mwaka 1849 alimkaribisha Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa. Kivoi alimweleza mgeni wake kwamba mbali na Kilimanjaro kuna mlima mwingine mkubwa wenye weupe juu yake. Mawingu yaliuficha, mpaka tarehe 3 Desemba yalipofunuka kwa kitambo, naye Krapf akaona vilele viwili vimesimama kama pembe. Tena alipata habari kutoka kwa Waembu, kwamba hawapandi hadi juu kwa ajili ya baridi na kile kitu cheupe kiporomokacho kwa kishindo. Kwa maneno hayo Krapf akakisia kuwa huko kuna barafu, na kisio lake lilikuwa sahihi. Basi ukisoma mahali popote kwamba Krapf aliugundua Mlima Kenya, kumbuka ni nani aliyemwonyesha upande wa kutazama.

Habari hiyo ilipofika Ulaya ilitiliwa shaka. Theluji katika Ikweta! Bwana W. D. Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikuwa na hakika zaidi kuliko wote kwamba wamisionari wamedanganyika. Shaka ilikoma mwaka 1883, Joseph Thomson alipouona mlima kwa macho yake kutoka Laikipia. Kivoi hakuishi kuona jambo hilo. Aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851, akiwa safarini pamoja na Krapf kuelekea mto Tana.

Sasa na tuingie msituni. Njia ya Naro Moru hupita kwanza katika miti mirefu, kisha katika mianzi, kisha hutokeza kwenye mteremko mkali wenye matope ambao wapandaji wote huulalamikia. Juu ya matope hayo ardhi hufunguka ghafula, na mbele yako huonekana Bonde la Teleki, limejaa lobelia na senesio kubwa kuliko mtu, na mwisho wa bonde vilele vyenyewe. Teleki alikuwa bwana mkubwa wa Hungaria aliyefika sehemu hizo mwaka 1887, akapanda kupita mita 4,000, akarudi. Mwaka 1893 alifuata J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba, akafika mpaka kwenye barafu yenyewe na kuipa sehemu yake kubwa jina la Lewis, mwanachuoni wa Marekani ambaye hakupata kuiona. Wote wawili walibebewa mizigo na wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa watu wa pwani, waliozaliwa chini ya minazi, ambao hawakuwa wamewahi kuona maji yakigeuka jiwe usiku.

Msafara ambao nataka tukae nao zaidi ni ule wa mwaka 1899. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwezi wa Mei mwaka huo, na tarehe 28 Julai Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika chuo kikuu cha Oxford, aliondoka hapo akiuelekea mlima. Walikuwa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na viongozi wawili wa Kimasai. Fanya hesabu mwenyewe, nawe utaona kwamba kwa kila Mzungu mmoja walikuwako Waafrika zaidi ya ishirini na saba. Nchi waliyoipita ilikuwa katika njaa kubwa, na ndui ilikuwa imeua watu wengi. Kuwaingiza watu zaidi ya mia na hamsini katika nchi ya namna hiyo, wakitumaini kununua chakula njiani, kwangu mimi lilikuwa jambo lisilo na hekima. Chakula hakikupatikana. Wapagazi wengine walitoroka, wengine waliiba vijijini, wenyeji wakakasirika, na watu wawili wa msafara wakauawa. Na katika karatasi zilizobaki za msafara ule imo orodha ya wapagazi, ambamo kando ya majina manane pameandikwa kuwa walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria wanabishana hata leo juu ya jambo hilo, na juu ya nani aliyetoa amri. Simulizi ya Mackinder mwenyewe haikutolewa kuwa kitabu mpaka mwaka 1991, miaka zaidi ya arobaini baada ya kufa kwake.

Mackinder alijaribu kilele mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti, usiku ukamrudisha. Hapo ndipo lilipotokea jambo linalotuhusu. Tarehe 5 Septemba mpiga picha wa msafara, Campbell Hausburg, pamoja na viongozi wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, waliondoka kambini wakavizunguka vilele vyote, wakichunguza kila upande kama uko ulio rahisi. Hawakuupata. Wiki moja baadaye Mackinder, Ollier na Brocherel walipita njia ile ile ngumu ya kwanza, wakalala jabalini, na adhuhuri ya tarehe 13 Septemba wakasimama juu ya Batian, mita 5,199. Vitabu huanzia hapo na kuishia hapo. Lakini ule mzunguko uliokosa ulichokitafuta ndio ambao leo wapandaji huufuata kwa furaha, siku moja ndefu ya kupanda na kushuka kuvizunguka vilele, na moja ya vipito vyake vya juu inaitwa Hausburg. Majina ya wale wanane hayakupewa kipito wala kiziwa.

Kwa maoni yangu, huo ndio mchepuko ulio bora katika mlima wote, kwa sababu unaufunza ubongo pamoja na miguu. Upande wa magharibi, penye viziwa viwili vilivyo juu ya Bonde la Teleki, asubuhi isiyo na upepo huviona vilele mara mbili, juu angani na chini majini, na kati ya Batian na Nelion lile pengo liitwalo Mlango wa Ukungu. Vuka kipito cha Hausburg, uende kaskazini, na vilele vile vile vimekuwa ukuta mmoja mweusi. Endelea mashariki, na huenda usivitambue kabisa. Baada ya kuuzunguka hivyo mtu huelewa kwa nini Krapf alisema pembe mbili, na watu wa upande mwingine wakasema vingine, na wote wakawa wakweli.

Iko faida nyingine ya kuchepuka, nayo ni ya mwili. Katika mwinuko wa mita 5,000 hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa, na mwili hutaka muda wa kuizoea. Ndiyo sababu viongozi wa njia, wakisha kufikisha watu kambini alasiri, huwachukua tena mpaka kwenye kigongo fulani cha juu, wakatazama, wakarudi kulala chini. Mgeni hudhani anaonyeshwa mandhari. Kumbe anatiwa dawa. Wale wanaokimbia moja kwa moja kuelekea kileleni ndio hurudishwa wakiwa wamebebwa, vichwa vikiwapasuka na matumbo yakikataa chakula.

Tuvuke sasa mpaka mashariki, kwenye njia ya Chogoria. Njia hii ilifunguliwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland baada ya kujenga kituo chao huko Chogoria katika miaka ya 1920, nayo ndiyo yenye vijia vya kando vingi kuliko zote: maporomoko ya mto Nithi, Ziwa Ellis lililotulia katika nyika ya juu, na zaidi ya yote lile bonde kuu liitwalo Gorges. Njia yenyewe hupita juu ya ukingo wa bonde. Ukichepuka kidogo utafika kwenye genge liitwalo Hekalu, na chini yako kabisa, mita mia tatu hivi, utaliona Ziwa Michaelson, jeusi, limezungukwa na kuta za mawe pande tatu. Barafu ya zamani ndiyo iliyolichimba bonde hilo, kama mtu achongavyo mtumbwi.

Wengi wanaojua Kiingereza hudhani bonde limeitwa Gorges kwa sababu neno hilo kwa Kiingereza lina maana ya korongo. Sivyo. Kapteni Gorges alikuwa ofisa wa serikali huko Naivasha mwaka 1899, na ndiye aliyetumiwa ujumbe msafara wa Mackinder ulipoishiwa. Chakula kilichopatikana huko ndicho kilichowawezesha kuendelea. Basi bonde zuri kuliko yote ya mlima huu lina jina la mtu aliyetoa posho! Napenda jambo hili, maana ni nadra historia kumkumbuka mtu kwa chakula.

Ndani ya bonde hilo yako maporomoko ya Vivienne. Hapo ndipo tunapokutana na mtu aliyekuja kutazama kweli. Vivienne de Watteville alikuwa mwandishi ambaye baba yake aliuawa na simba katika safari ya uwindaji. Mwaka 1929 alikuja akakaa kwa majuma kadhaa katika kibanda cha Urumandi, juu ya msitu wa Chogoria. Hakutafuta kilele. Alitembea huku na huku, akatazama maua na ndege, akafuata mito mpaka ilipoangukia, akayaandika aliyoyaona katika kitabu. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikuwa wamekifikia kilele cha Nelion, ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla yao. Sisemi ni nani aliyeujua mlima zaidi, wewe amua.

Tukirudi upande wa kaskazini magharibi, chini ya njia ya Sirimon, tunaufikia mji wa Nanyuki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita Waitalia hapo, na mmoja wao, Felice Benuzzi, aliamka alfajiri moja akaona mawingu yamepasuka na mlima umesimama mbele ya seng'enge. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine. Pamoja na Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti alikusanya kwa miezi vyuma chakavu vya kutengenezea misumari ya viatu, akadunduliza chakula, na kwa kukosa ramani akatumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye kopo la nyama. Tarehe 24 Januari 1943 walitoroka. Batian iliwashinda, lakini tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto walifika Lenana, wakasimika bendera yao. Kisha wakafanya jambo la ajabu: walishuka wakarudi kambini kwa hiari yao, maana Italia ilikuwa mbali na njia ya kwenda huko haikuwako. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, nao mkuu wa kambi akazipunguza zikawa saba. Nchi yetu wakati huo ilikuwa ya kutawaliwa, na wafungwa wale walikuwa wa taifa lililokuwa limeivamia Habeshi. Hata hivyo sijapata kukutana na mwanafunzi aliyeisikia hadithi hii asitake kujua walikula nini njiani.

Miaka kumi baadaye msitu ule ule ulipata watu wengine, ambao hawakuja kwa ajili ya vilele. Katika miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau waliishi chini ya miti ya mlima, na mkuu wao katika upande huo alikuwa Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Ndege za Kiingereza ziliutupia msitu mabomu. Wapiganaji walitembea katika njia za ndovu na nyati, na mahali pa kutazamia kwao palikuwa mahali pa mlinzi, penye kuona bila kuonekana. Ukipita katika mianzi ya Naro Moru au ya Chogoria ukaona kijia chembamba kinachopotelea kando, huenda ni cha nyati. Usikifuate.

Hatimaye tuje Lenana. Kwa mita zake 4,985 ndicho kilele cha juu ambacho mtu asiye na kamba aweza kukifikia kwa miguu, na kila njia tuliyoitaja huishia hapo. Watu huamshwa saa nane au saa tisa za usiku ili wafike jua linapochomoza, wala si kwa ajili ya uzuri wa jua tu: asubuhi ikipanda, hewa yenye unyevu hupanda kutoka nchi ya chini, na kabla ya adhuhuri mawingu hufunga kila kitu. Alfajiri ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana, umbali wa kilomita zaidi ya mia tatu.

Lenana alikuwa laiboni wa Wamasai, mwana wa laiboni Mbatian, na Nelion ni jina lililotokana na ndugu wa Mbatian. Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina hayo, kwa heshima ya wakuu ambao hawakuwa watu wa mlima huo. Wanafunzi wangu Wakikuyu na Wameru huniuliza kwa nini, nami huwajibu kwamba atoaye jina ni yule aliye na kalamu. Kuhusu kalamu, tazama hili pia: Mwafrika wa kwanza kuandikwa kuwa alifika juu ya Nelion, mwaka 1938, anatajwa katika kumbukumbu kuwa Mtu Muthara. Wewe ujuaye Kiswahili utajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, kama hilo neno la kwanza lilikuwa jina lake, au ni jibu tu alilopewa mwandishi alipouliza ni nani yule. Jina lisilo na shaka ni la Kisoi Munyao, ambaye uhuru ulipopatikana Desemba 1963 aliipandisha bendera mpya ya Kenya mlimani.

Kutoka Lenana tazama chini upande wa magharibi uione barafu ya Lewis, au kilichobaki. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mlima huu ulikuwa na sehemu 18 za barafu. Leo hazifiki kumi. Ile iliyopewa jina la Gregory imekwisha kutoweka. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipimwa ikaonekana kwamba kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake, na wataalamu wa hali ya hewa hutazamia kwamba barafu yote ya mlima itakuwa imekwisha kabla ya katikati ya karne hii. Mito yetu haitakauka kwa sababu hiyo peke yake, maana maji ya Tana na ya Ewaso Nyiro hutokana na mvua na msitu zaidi kuliko barafu. Anayetaka kuiogopea mito na aulinde msitu kwanza. Kinachokwisha ni kile kitu cheupe chenyewe, ambacho Kivoi alimsimulia Krapf.

Hausburg, nilikwambia, alikuwa mpiga picha. Zile picha alizopiga mwaka 1899 zimekuwa na kazi ambayo hakuifikiri: wachunguzi wa barafu wamezilinganisha na picha za miaka ya baadaye ili kujua ukingo wa barafu ulikuwa wapi siku ile. Miamba katika picha ni ile ile, waweza kuihesabu mmoja mmoja. Sehemu kubwa ya weupe uliokuwa kati yake, ambao Mackinder aliuvuka akienda Nelion, sasa ni changarawe.